Panya wa Maasai Mara na Sahani Yetu ya Futari
Historia fupi ya wanyama waliotufunza ugonjwa wa sukari



Huku kwetu Kitale na Bungoma, Ramadhan ikikaribia maswali huwa ni yale yale. Baba ana sukari, je, afunge au asifunge? Nyanya anadungwa insulini, na kuna mtu amemwambia ati hiyo sindano inatokana na nguruwe, sasa afanyeje? Kuna dawa ya mitishamba inauzwa sokoni, muuzaji anaapa kwamba imejaribiwa maabara ikafaulu, tuinunue?

Haya ni maswali ya maana, kwa sababu mtu akijibiwa vibaya anaweza kupoteza mguu, macho, au roho yenyewe. Na ukiyachunguza utakuta yote yanarudi kwenye historia moja, historia ya wanyama waliochukuliwa maabara ili binadamu auelewe ugonjwa wa kisukari. Kila mnyama aliulizwa swali lake. Mbwa aliulizwa ugonjwa unaanzia wapi mwilini. Sungura aliulizwa dawa itolewe kiasi gani. Na panya mmoja wa nyasi, aliyetoka hapa hapa Kenya, aliulizwa swali linalotuhusu sana mwezi huu: chakula kina hatia gani? Hebu tuwafuate mmoja mmoja.

WAZEE WETU WA TIBA

Kisukari si ugonjwa wa juzi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika habari za mgonjwa anayekojoa kupita kiasi na kushikwa na kiu isiyokatika. Wala kujaribu tiba kwa mnyama kwanza si jambo lililoanzia Ulaya ya juzi. Al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika kwamba alimpa nyani zebaki ili aone itamfanya nini. Ibn Zuhr wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1162, alimpasua mbuzi koo na kumtibu hadi akapona, ndipo akaamini kwamba binadamu naye anaweza kupasuliwa koo akaishi.

Lakini kwa karne nyingi hakuna aliyejua kisukari kinatoka kiungo gani. Wengine walisema figo, wengine tumbo, wengine ini.

MBWA WALIJIBU: NI KONGOSHO

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, uliokuwa chini ya Ujerumani wakati huo, Oskar Minkowski na Josef von Mering walitaka kujua kazi ya kongosho, kile kiungo kinachojificha nyuma ya tumbo. Wakampasua mbwa, wakaiondoa kongosho yote. Mbwa huyo alikuwa amefunzwa kutokojoa ndani ya nyumba, lakini baada ya upasuaji akawa anakojoa kila mara. Minkowski akaupima mkojo ule. Kumbe umejaa sukari! Mbwa mzima amegeuka mgonjwa wa kisukari kwa kunyimwa kongosho tu.

Miaka 20 nyuma, yaani 1869, mwanafunzi Mjerumani kwa jina Paul Langerhans alikuwa ameona kwa hadubini vikundi vidogo vya chembe ndani ya kongosho, vimetawanyika kama visiwa baharini. Baadaye ikajulikana kwamba ni humo kwenye visiwa ndimo mnamotoka kitu kinachoitawala sukari ya damu. Ndiyo maana dawa ikaitwa insulini, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa.

Kazi ikabaki kukitoa kitu hicho nje. Mwezi Mei 1921, huko Toronto, Canada, daktari wa upasuaji Frederick Banting mwenye umri wa miaka 29 na mwanafunzi Charles Best wa miaka 22 walianza kazi katika maabara ya Profesa J. J. R. Macleod. Waliwaondoa mbwa kongosho wakapata ugonjwa, kisha wakawadunga maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho za mbwa wengine. Tusifiche jambo hapa: wengi wa mbwa wale wa kwanza walikufa. Lakini sukari ya waliodungwa ilishuka. Mbwa mmoja, namba 33, aliyeitwa Marjorie, aliishi kama siku 70 bila kongosho, akitegemea sindano peke yake.

Tarehe 11 Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alidungwa sindano ya kwanza hospitalini Toronto. Alikuwa amekonda hadi kilo 30 hivi, kwa sababu tiba ya zamani ya watoto wenye sukari ilikuwa kuwanyima chakula ili wasife haraka. Dawa ile haikuwa safi, na haikumsaidia sana. Mtaalamu wa kemia James Collip akaisafisha usiku na mchana, na tarehe 23 Januari Leonard akadungwa tena. Safari hii sukari ilishuka vizuri. Aliishi miaka 13 zaidi.

Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa tuzo ya Nobel, nao wakagawana pesa na Best na Collip. Hataza ya dawa iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Wangeweza kuwa matajiri wa kupindukia, lakini hawakutaka dawa ya kuokoa maisha iwe ya mtu mmoja.

SUNGURA ALIYEFUNGISHWA SAA 24

Dawa imepatikana, sasa mgonjwa apewe kiasi gani? Hapa akaitwa sungura. Yuniti ya kwanza ya insulini ilipimwa kwa sungura wa kilo 2 aliyenyimwa chakula kwa saa 24. Kiasi kilichotosha kuishusha sukari yake hadi akaanza kutetemeka na kukakamaa, hicho kikaitwa yuniti moja. Yuniti anayodungwa nyanya leo chimbuko lake ni sungura aliyekaa na njaa.

Collip aliona jambo jingine tena. Sungura akishakakamaa, ukimpa glukosi anainuka. Kwa hivyo walijua mapema kabisa kwamba insulini ina pande mbili: sukari ikipanda sana inaua, na ikishuka sana inaua pia, tena haraka zaidi.

Ndugu msomaji, funzo la sungura huyu ndilo linalomhusu mgonjwa anayefunga. Utafiti mkubwa uitwao EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 kwa wagonjwa Waislamu zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba sukari kushuka vibaya huongezeka wakati wa Ramadhan: karibu mara 5 kwa wenye kisukari cha aina ya 1, na mara 7 na nusu kwa wenye aina ya 2. Mtu akianza kutetemeka, kutokwa na jasho jingi na kuchanganyikiwa saa tisa mchana, hiyo si swaumu inayomtia nguvu. Ni sungura wa Toronto huyo. Apewe kitu kitamu mara moja, asiambiwe avumilie mpaka adhana ya Maghrib.

NGURUWE, NG'OMBE NA SWALI LA HALALI

Sasa tufike kwa nyanya na swali lake. Ni kweli kwamba kuanzia miaka ya 1920 insulini ilikamuliwa kutoka kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa viwandani. Insulini ya nguruwe hutofautiana na ya binadamu kwa kiungo kimoja tu katika mnyororo wake, na ya ng'ombe kwa vitatu, ndiyo maana miili yetu iliikubali. Na zilihitajika nyingi mno: zaidi ya tani 2 za kongosho kwa robo kilo hivi ya dawa.

Jambo hili liliwasumbua Waislamu wengi. Wenye uwezo walitafuta ile ya ng'ombe, na wanazuoni wengi waliiruhusu ya nguruwe kwa mlango wa dharura pale ambapo hakuna nyingine, kwa sababu kuokoa uhai kumepewa uzito mkubwa katika dini yetu.

Lakini mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani walifaulu kuitia chembe-urithi ya insulini ya binadamu ndani ya bakteria, na bakteria wale wakawa kiwanda. Mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa kuuzwa kule. Tangu hapo ile ya wanyama imekuwa ikipungua, na insulini ya kawaida inayotolewa hospitalini siku hizi ni ya binadamu au iliyoundwa kwa mfano wake, inayotengenezwa kwa bakteria au hamira. Ukitaka uhakika, soma kibandiko au muulize mfamasia. Kwa hivyo yeyote anayemwambia mzee aache sindano kwa sababu ya nguruwe, anamhatarishia maisha kwa habari ya zamani.

UGONJWA WA KUTENGENEZWA NA DAWA ZA SOKONI

Mwaka 1943, watafiti wa Glasgow, Uskoti, walikuwa wakichunguza maradhi ya figo kwa sungura. Wakatumia kemikali iitwayo aloksani, na bila kutarajia wakaona imeviharibu vile visiwa vya kongosho na kuviacha viungo vingine vingi. Kuanzia hapo ikawa rahisi kumpa mnyama kisukari bila kumpasua. Njia hiyo ingali inatumika hadi leo, hata katika maabara za vyuo vikuu vyetu hapa Kenya, ambako panya na vipanya hupewa aloksani kisha hujaribiwa majani na magome yanayotumiwa na waganga wetu wa kienyeji.

Hii ni kazi nzuri. Lakini sikiliza vizuri, kwa sababu muuzaji wa sokoni hakuambii yote. Panya aliyeharibiwa kongosho kwa kemikali asubuhi moja si sawa na mama wa miaka 55 ambaye sukari yake imepanda polepole kwa miaka kumi. Dawa ikishusha sukari ya panya, hiyo ni dalili njema tu. Bado haijajulikana kama ni salama kwa figo na ini la binadamu, itolewe kiasi gani, au itagombana vipi na vidonge anavyomeza tayari. Ni dawa nyingi zilizofaulu kwa panya zikashindwa kwa watu. Kwa hivyo ukiambiwa imejaribiwa, uliza: imejaribiwa kwa nani?

PANYA WETU WA NYASI

Wengi wa wagonjwa wetu wana kisukari cha aina ya 2, ambacho kongosho haijakatwa wala kutiwa sumu. Mwili unaacha kuisikia insulini. Kongosho inajitahidi kutoa nyingi zaidi na zaidi, mwishowe inachoka. Ugonjwa wa namna hii huwezi kuuelewa vizuri kwa kemikali. Alihitajika mnyama anayeugua kama tunavyougua sisi.

Mwaka 1993, panya wa nyasi walinaswa Maasai Mara wakapelekwa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alikofanya kazi mtafiti Laura Smale. Jina lao la kisayansi ni Arvicanthis niloticus. Hawakuchukuliwa kwa habari ya kisukari. Walitakiwa kwa sababu panya hawa wako macho mchana na hulala usiku, kinyume cha panya wengi wa maabara, na wanasayansi walitaka kuchunguza saa ya mwili.

Huko waliwekwa kwenye vizimba na kulishwa chakula cha kawaida cha panya wa maabara, kile cha tembe za nafaka. Chakula hicho panya wa kawaida hula maisha yake yote bila neno. Lakini hawa wa kwetu wakaanza kuugua! Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis, akiwemo K. C. Hayes, walieleza hatua zake. Kwanza insulini hupanda katika damu huku sukari ikionekana sawa. Kisha sukari inapanda. Kisha kongosho inashindwa, na mnyama anakonda. Madume wengi walikuwa wagonjwa kabla ya kumaliza mwaka. Mwaka huo huo watafiti wengine wa Marekani nao wakaeleza matatizo yale yale kwa panya hawa, na baadaye hata macho yao yakakutwa yameharibika kama ya wagonjwa wetu.

Dawa yao ilikuwa nini? Waliopewa chakula chenye makapi mengi, kinachofanana na nyasi na mbegu walizokula Mara, wengi walibaki wazima. Damu ile ile, ukoo ule ule, kizimba kile kile. Kilichobadilika ni sahani.

DAKTARI WA MULAGO NA UGALI WETU

Jambo hili lilikuwa limedokezwa Afrika Mashariki zamani. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda tangu mwaka 1929, na kwa miaka mingi alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba wenyeji aliowatibu hawakuwa wakiugua kisukari kwa wingi kama Wazungu. Mwaka 1975 aliandika hoja yake: chakula kisichokobolewa, chenye makapi yake, humkinga mtu na kisukari. Wengine walimtilia shaka. Miaka 35 baadaye panya wa Mara wakaja kutoa ushahidi upande wake.

Sasa tuangalie nyumbani. Mababu wa eneo hili la Mlima Elgon na mto Nzoia walikula ugali wa wimbi na mtama, pamoja na kunde, murere na saga. Mahindi yaliingia baadaye. Kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu chotara ya kwanza ya Kenya mwaka 1964, Trans Nzoia ikawa ghala la taifa. Huko Bungoma kiwanda cha sukari cha Nzoia kikaanzishwa mwaka 1975. Hizi ni neema, zimesomesha watoto wengi. Mahindi hayana kosa. Kosa linaingia pale tunapoyakoboa hadi yabaki wanga mweupe mtupu, tukaona aibu kumpikia mgeni unga wa kisiagi, halafu tukakaa kwenye bodaboda kwenda mahali ambapo baba zetu walitembea.

Na wengi hawajijui. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 2 kati ya kila 100 nchini walikuwa na kisukari, lakini zaidi ya 8 kati ya kila 10 hawakuwahi kupimwa sukari hata mara moja. Hapo Webuye, mpango wa AMPATH wa Eldoret uliwahi kupita nyumba kwa nyumba kuwapima watu, kwa sababu ukingoja mgonjwa aje mwenyewe, mara nyingi huja amechelewa. Kumbuka hatua za yule panya: ugonjwa huanza huku sukari ikionekana sawa.

NA WANYAMA JE, WANA HAKI GANI?

Kijana mmoja anaweza kuuliza: dini inayotukumbusha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji, inakubalije mbwa apasuliwe? Swali hili lisipuuzwe. Mnyama ni amana. Kumtesa kwa mchezo, au kurudia jaribio ambalo jibu lake lipo tayari, ni dhuluma. Wanasayansi wenyewe walilifikia jambo hili. Mwaka 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch walitoa kanuni tatu: tumia njia nyingine isiyo ya mnyama kama ipo, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na uwapunguzie maumivu. Hapa Kenya pia kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo inagusa majaribio ya maabara.

Wewe kijana unayesoma bayolojia kidato cha tatu hapa Kitale, mlango huu uko wazi kwako. Panya alitoka kwetu, maswali yakaulizwa ng'ambo. Kwa nini yanayofuata yasiulizwe hapa?

KWA HIVYO TUFANYE NINI?

Kwanza, mwenye sukari asiamue kufunga wala kuacha dawa peke yake. Amuone daktari, ikiwezekana wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, wapange dozi upya. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na ruhusa si aibu. Kujidunga kidole na kupima sukari hakufunguzi saumu kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, afungue mara moja.

Pili, tuiangalie meza ya futari. Kaimati, mandazi, viazi karai, tambi za sukari, juisi ya paketi na soda, vyote kwa mpigo baada ya saa 13 za njaa, ni kile kile chakula cha kizimbani. Anza na tende moja au mbili na maji, kisha uji wa wimbi usio na sukari nyingi, maharagwe au kunde, mboga za kienyeji, na ugali wa unga usiokobolewa. Vitamu viwe vya kuonja. Na mama asiachiwe lawama, kwa sababu anapika tunachomdai.

Tatu, mwezi huu mpeleke mzazi wako akapimwe, nawe upimwe pamoja naye.

Panya wa Mara hakuchagua alichowekewa kizimbani. Wewe jioni hii unachagua mwenyewe.

Wallahu a'alam. Saumu njema, na wassalaam.